Uboho wa ndugu ni tiba inayotaka uangalizi

Kwetu Kanda ya Ziwa, ambako selimundu imeenea sana, upandikizaji wa uboho si habari ya mbali tena: tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza watoto uboho wa ndugu zao.

Hatari yake tuifahamu. Chembe za kinga za mtoaji huweza kumwona mpokeaji kuwa mgeni, zikashambulia ngozi, ini na utumbo wake. Ngao ya kwanza ni kulinganisha vinasaba: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu, wa baba mmoja tu kwa kawaida hafikii hapo. Ngao ya pili ni dawa, kama siklosporini, zinazotuliza chembe hizo kwa miezi kadhaa. Kwingineko siklofosfamaidi, itolewayo siku ya 3 na ya 4 baada ya upandikizaji, imewezesha hata mzazi anayelingana nusu kutoa uboho.

Wazazi wenzetu, twawasihi: mtoto asiachishwe dawa kwa kuwa amenawiri. Akitokwa vipele, akiharisha au macho yakiwa manjano, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto ni amana.