Ukitaka bunduki ya kulinda nyumba, anza na ukuta

Kila vijana wenye mapanga wanapovamia watu huku kwetu, iwe Kisauni, Likoni au Old Town, mazungumzo ya baraza hugeuka. Mwenye duka humuuliza mwenye matatu: ni bora bastola au shotgani? Suali lenyewe si baya. Mtu ana haki ya kuihami nafsi yake na watu wake. Ila huulizwa kinyumenyume, kwa sababu aina ya bunduki ndilo jambo la mwisho kuamuliwa. Kabla yake kuna sheria, kuna ukuta wa nyumba yako, na kuna saa ambayo mwizi huja.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi hudanganywa na filamu. Kenya si Marekani. Kule katiba yao imetaja haki ya raia kuwa na silaha. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu cha namna hiyo. Kwetu bunduki ni ruhusa, na ruhusa huweza kuondolewa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kununua au kuwa na bunduki, hata risasi peke yake, bila cheti, na cheti hicho hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Maombi hupitia polisi na kamati za usalama za huku tuliko kabla ya kufika Nairobi. Utatakiwa cheti cha tabia njema kutoka DCI, ukaguliwe afya ya akili, uonyeshe kuwa umefunzwa kutumia silaha, na juu ya yote utoe sababu nzuri.

Sababu ndiyo huwakwamisha watu. "Naogopa wezi" haitoshi. Mombasa nzima inaogopa wezi. Mwenye kusafirisha pesa za mauzo, aliyewahi kuvamiwa, mwenye mifugo shambani mbali na kituo, hao wana kitu cha kuonyesha. Na cha kuonyesha ni nambari ya OB, si hadithi. Watu wetu wakivamiwa hulalamika barazani, kisha wakaishia hapo. Wakija kuomba cheti hawana hata karatasi moja.

Ukishakipata, jua kwamba cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Mkeo hana ruhusa ya kuishika bunduki hiyo, wala kaka yako, wala bawabu wa getini. Ukienda Umra huwezi kumwachia shemeji; ulizia kituoni au kwa muuzaji mwenye leseni namna ya kuihifadhi. Mwenyewe akifariki, bunduki haiingii moja kwa moja kwenye mirathi pamoja na sefu na viti. Warithi huipeleka polisi kwanza, halafu mengine yafuate. Na lile gobore la babu lililosahaulika darini huko Magarini, sheria haitazami kwamba limetengenezwa kijijini: likiweza kutoa risasi, ni silaha. Kuhusu AK-47, G3 na MP5, hizo usizitamke hata kwa mzaha. Kupatikana na mojawapo bila ruhusa adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Wala usidhani ukipewa umepewa daima. Desemba 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, raia wote wenye silaha waliamriwa kuchunguzwa upya, hata waliokuwa na vyeti.

Sasa tuseme unayo, na usiku mtu amevunja mlango. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujihami kwa nguvu kutapimwa kwa misingi ya sheria ya desturi ya Uingereza. Kwa hivyo mahakama zetu hurejea kesi ya Palmer, iliyotoka Jamaika na kuamuliwa London mwaka 1971. Maana yake kwa ufupi ni hii: aliyeshambuliwa anaruhusiwa kufanya lile ambalo ni lazima kwa kiasi, na hatarajiwi kupima kwa mizani ya sonara wakati roho yake i mkononi. Lakini shambulio likisha na hatari ikaondoka, nguvu inayotumiwa baada ya hapo ni kisasi. Mwizi anayeruka ukuta kukimbia na televisheni yako, ukimpiga risasi ya mgongo, si yeye tena mshtakiwa. Hata ukiokoka shtaka la mauaji ya kukusudia, nguvu ya kupita kiasi inaweza kukuangusha kwenye kuua bila kukusudia, ambako pia kifungo chaweza kuwa cha maisha.

Wenye kusema hii ni sheria ya wazungu wakamuulize mwalimu wao wa madrasa. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa pwani yote hii, mlango wa kumzuia mshambuliaji unamtaka mtu aanze na jepesi: maneno na kuomba msaada kwanza, kisha mkono, kisha kiboko, kisha fimbo, na kuua ni mwisho kabisa. Na kama kukimbia kunawezekana, kauli inayotegemewa ni kwamba ukimbie. Hakimu wa Shanzu na sheikh wa mtaani hapa hawako mbali.

Tuje kwenye ukuta, ambao sijaona watu wakiuzungumza ipasavyo. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati. Kila chumba kina familia. Kuta mara nyingi ni fito na udongo, au matofali membamba, na juu hazifiki kwenye mabati. Risasi ya bastola ya milimita 9 hupita mlango wa mbao, mabati na ubao wa jipsamu kama haukuwapo, na ukuta wa udongo uliochakaa si wa kutegemewa kuizuia. Ukikosea shabaha gizani, na watu hukosea wakitetemeka, risasi inamwendea mtoto wa mpangaji. Kwa rai yangu, nyumba ya namna hiyo haifai bunduki ya aina yoyote. Ghorofa za Mtwapa zenye kuta za bloku zina afadhali kidogo, lakini madirisha na milango haizuii kitu. Nyumba za mawe za Old Town na Lamu zina kuta nene za matumbawe zinazoweza kuzuia. Humo hatari ni risasi kugonga jiwe na kurudi.

Ndipo sasa tuzungumze aina. Bastola ni fupi, hufaa ndani ya ukumbi mwembamba, na huingia katika sefu ndogo. Ubaya wake ni kwamba ndiyo ngumu kuliko zote kuilenga. Bila mazoezi ya mara kwa mara ni kelele tu. Shotgani, bunduki ya marisau, ni ndefu na ngumu kugeuza mlangoni, lakini kwa mtu wa shamba mwenye uwanja mpana ndiyo ningemshauri aombe, kwa sababu marisau hayaendi mbali kama risasi ya raifali. Wanaosema shotgani haihitaji kulenga kwa kuwa hutapakaa wanakosea. Katika masafa ya chumba, mita nne au tano, marisau bado yamekusanyika pamoja; ukikosa, umekosa. Raifali ndani ya nyumba ni balaa, risasi yake hutoka nyumba hii ikaingia ile.

Kisha kuna saa. Wavamizi wengi hawaji ukiwa macho umekaa na bastola. Hukukuta getini unaporudi dukani au msikitini baada ya Isha, ufunguo mkononi. Wakati huo bunduki iko katika sefu, na lazima iwe katika sefu, kwa sababu nyumba zetu zimejaa watoto, wetu na wa jirani. Ukiitoa ukaiweka chini ya mto, umeshapunguza hatari moja kwa kuongeza nyingine kubwa zaidi. Na habari ikienea mtaani kwamba kwa fulani kuna bastola, wako watakaokuja kwa ajili ya hiyo bastola.

Pesa za sefu, mafunzo na kufufua cheti kila mwaka zinatosha kuweka grili madhubuti, taa ya getini inayowaka yenyewe, na komeo la ndani la chumba kimoja ambamo nyote mtaingia na simu iliyo na chaji. Andikeni nambari ya kituo chenu na ya mzee wa mtaa nyuma ya mlango huo, kwa kalamu nene, mahali ambapo hata mtoto wa miaka minane ataisoma.