Kabla ya dhahabu, soma jiwe lililo nyuma ya darasa

Muulize mtoto wa Mugango habari za madini, atakutajia dhahabu. Atakosaje? Kiabakari na Buhemba, upande wa Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni, na wachimbaji wadogo hawajaacha. Ningekuwa mwalimu wa jiografia, dhahabu ningeiweka mwisho wa muhula. Ningeanza na yale mawe makubwa ya kijivu yaliyotapakaa pande hizi za Musoma, ambayo wanafunzi huyapanda wakati wa mapumziko na hakuna anayeyatazama.

Mengi ni matale, au graniti kama vitabu vya shule vinavyosema. Ni mwamba moto: uji wa mawe uliopoa chini sana ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, tena kwa kujivuta, hata chembe zake zikapata nafasi ya kukua na kuonekana kwa macho. Vunja kipande kwa nyundo, macho yakiwa yamekingwa, kisha kimwagie maji. Chembe zenye mng'ao wa kioo ni kwatzi. Nyeupe au za waridi, zenye nyuso bapa, ni feldispa. Vigamba vyeusi vinavyobanduka kwa ukucha ni ulanga. Sasa kwaruza: msumari wa kawaida hauachi alama kwenye kwatzi, ila kwatzi inakwaruza chupa. Mjerumani Friedrich Mohs alitumia ujanja huohuo mwaka 1812 kupanga madini kwa ugumu, na kwenye ngazi yake kwatzi ina namba 7.

Utamu wa somo uko kwenye kuoza kwa jiwe hilo. Jua na mvua vikilishambulia, feldispa hugeuka mfinyanzi, lakini kwatzi hubaki ilivyo, ikawa mchanga. Mvua huviteremsha vyote viwili, na kila kimoja hukaa mahali pake. Shuka kutoka kilimani ukiwa na jembe na chupa tupu. Juu utakuta changarawe na udongo wa kina kifupi. Katikati ya mteremko ni kichanga, ambamo mihogo hustawi. Bondeni ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, mahali pa mpunga. Weka konzi ya kila udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, uiache. Mchanga hutua papo hapo; mfinyanzi unaweza kuyachafua maji hadi kesho yake.

Mpangilio huo ulipewa jina na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, huko Tanga. Mwaka 1935 aliuita katena, yaani mnyororo, na wanasayansi wa udongo duniani kote wanalitumia jina hilo hadi leo. Hata hivyo, wakulima wa Usukuma walikuwa na majina yao ya udongo, kama luseni kwa ule wa kichanga, na walijua kila mmoja unataka zao gani. Nashangaa kwamba historia hii ya hapa jirani haitajwi zaidi madarasani.

Ufukweni mwa ziwa chukua sumaku ya spika mbovu, uifunge kwenye mfuko wa nailoni, uipitishe juu ya mchanga mkavu. Punje nyeusi zitakazoshikamana nayo ni magnetiti, madini ya chuma. Na ukitazama juu kidogo utaona somo jingine: itale isiyo na nyufa haihifadhi maji, ndiyo maana kisima kwenye mwamba wa namna hiyo ni bahati nasibu, na mradi wa bomba la Mugango, Kiabakari na Butiama huchota ziwani.

Dhahabu sasa. Makazi yake hasa ni ukanda wa miamba ya kijani, lava za kale zilizogeuzwa na joto na mgandamizo. Maji ya moto yalipita kwenye nyufa zake yakaacha mishipa ya kwatzi, na humo dhahabu. Humo pia mna pairiti, ya njano na yenye kumetameta, iliyowatia wengi wazimu. Igonge kwa nyundo: pairiti husagika, dhahabu hubonyea. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, pairiti mara 5 tu, basi kwenye karai mchanga huondoka na dhahabu hubaki chini.

Wachimbaji huikamata kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wa zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo ziara ya darasa iishie kwenye rundo la mawe yaliyotupwa, mbali na mashimo na mbali na moto huo. Mawe ya kutosha yatapatikana hapo, na kila kipande kiandikwe kijiji kilikotoka, tarehe, na kama kilibanduliwa mwambani au kiliokotwa tu.