Mbunge Aliyelazwa Mnarani

Paukwa! Mkishaitikia pakawa, sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina wabunge, askari na koti lililochanika, nayo ilitokea kweli.

Mwaka 1880 kulikuwa na mji huko Uingereza uitwao Northampton, ambao kazi kubwa ya watu wake ilikuwa kushona viatu. Fundi wa viatu hushinda ameinama, mikono haitulii, lakini masikio na ulimi haviko kazini. Basi mafundi wa Northampton walikuwa wabishi wa siasa kwelikweli. Mji wao ulikuwa na haki ya kupeleka wabunge wawili London, na mwaka huo wakamchagua Henry Labouchere, tajiri mwenye gazeti lake na mdomo wa utani, pamoja na Charles Bradlaugh.

Huyu Bradlaugh ndiye mwenye hadithi. Alizaliwa London mwaka 1833, mtoto wa karani wa kipato kidogo. Alipokuwa kijana alikuwa akiwafundisha watoto dini kanisani siku za Jumapili. Katika kujiandaa akaanza kulinganisha vitabu vya Injili na mafundisho ya kanisa lake, akaona mambo yasiyomwingia akilini, akamwandikia kasisi kumuuliza. Kasisi akamsimamisha kufundisha, kisha akampelekea baba yake habari kwamba mwanawe ameanza kumkana Mungu. Sisemi kwamba kasisi ndiye aliyemtoa kanisani. Ila kijana akiuliza swali akajibiwa kwa adhabu, hulitafutia jibu kwingine.

Bradlaugh akahama nyumbani, akawa askari, kisha karani katika ofisi za mawakili. Hatimaye akawa msemaji wa majukwaani, mtu wa kimo kirefu na sauti nzito, akizunguka miji kutangaza kwamba haamini kuwapo kwa Mungu. Mwaka 1866 alianzisha chama cha watu waliotaka serikali isiendeshwe kwa kufuata dini. Katika Uingereza ya Malkia Victoria, kusema hivyo hadharani kulikuwa ni kujitafutia maadui, naye aliwapata wa kutosha.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Mbunge mpya hakuruhusiwa kukalia kiti chake mpaka asimame mbele ya meza ya Bunge, ashike Biblia, aape kumtii Malkia, na amalizie kwa kumwomba Mungu amsaidie. Tarehe 3 Mei 1880 Bradlaugh alifika akaomba jambo dogo: badala ya kuapa kwa jina la Mungu, atoe ahadi rasmi kwa heshima yake mwenyewe. Mahakamani mashahidi wasio na dini walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kufanya hivyo. Kamati ya Bunge ikakaa, ikajibu kwamba haiwezekani.

Vyema, akasema Bradlaugh, basi nitaapa kama wengine. Lakini kwa kuwa hakupenda kumdanganya mtu, akaandika gazetini kwamba ahadi yake kwa Malkia ataitimiza, ila yale maneno ya kumtaja Mungu kwake yeye hayana maana yoyote. Lo! Bunge likawaka moto. Lord Randolph Churchill, baba yake Winston Churchill, alikitupa sakafuni kijitabu ambacho Bradlaugh alikiandika kuisema familia ya kifalme, akakikanyaga mbele ya wenzake. Wakubwa hao, wanangu, wenye suti zao na kofia ndefu! Bunge likaamua kwamba huyu asiape, maana haamini anachokiapia. Na kutoa ahadi bila kuapa asitoe, maana sheria ya Bunge haimruhusu. Mtu amechaguliwa kwa kura za watu wake, halafu milango yote miwili imefungwa.

Hapa simameni kidogo mumtazame Labouchere, yule mbunge mwenzake. Wengi walijua kwamba naye hana dini ya kujivunia. Lakini Labouchere alishika Biblia, akasema maneno yaliyotakiwa, akaenda kukaa. Hakuna aliyemgusa. Baadaye akawa anajiita kwa mzaha mbunge Mkristo wa Northampton, na watu wakicheka.

Mnaona kilichofanyika? Kile kiapo kiliwekwa kama chujio, ili mtu asiyeaminika asipite. Lakini kilimnasa aliyesema kweli na kumpitisha aliyenyamaza. Mimi huliona hili kuwa kiini cha habari yote. Ukiweka imani kuwa sharti la cheo, hutapata viongozi wenye imani, utapata viongozi wanaojua kuigiza. Mwongo hana shida na kiapo, ataapa mara saba kabla ya chai ya asubuhi. Anayepata taabu ni yule ambaye neno lake lina uzito kwake.

Turudi Bungeni. Tarehe 23 Juni 1880 Bradlaugh aliitwa mezani, akaamriwa atoke, akakataa. Akakamatwa akafungiwa katika chumba ndani ya mnara wa Bunge, ule wenye kengele iitwayo Big Ben. Alilala humo usiku mmoja, akaachiwa kesho yake. Hakuna mbunge mwingine aliyefungwa mnarani humo tangu siku hiyo. Baadaye akaruhusiwa kukaa na kupiga kura, lakini kwa sharti kwamba mahakama ikiamua vingine, shauri lake. Mahakama ikaamua vingine mwaka 1881, kiti kikatangazwa kuwa wazi, uchaguzi ukarudiwa Northampton. Mafundi wa viatu wakamchagua tena.

Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo alikwenda kudai kiti chake huku umati wa wafuasi ukimsubiri nje. Polisi na watumishi wa Bunge wakamkamata, wakamburura ngazini mpaka uani. Alikuwa na mwili mkubwa, haikuwa kazi rahisi. Alipofika chini koti lilikuwa limechanika na pumzi zimemwishia. Angewaita wale watu waliokuwa nje, pangechafuka siku hiyo. Hakuwaita. Alikuwa amewaomba mapema wasifanye fujo, nao wakamsikiliza.

Mwaka 1882 akajaribu njia nyingine. Alitembea hadi mezani, akatoa Agano Jipya mfukoni, akajiapisha mwenyewe! Akafukuzwa Bungeni. Northampton wakamrudisha. Mwaka 1884 akajiapisha tena, akazuiwa tena, na uchaguzi uliporudiwa wakamrudisha.

Usidhani kwamba wote waliomkataa walikuwa watu wabaya, au kwamba wote wenye dini walikuwa upande mmoja. Waziri Mkuu William Gladstone alikuwa mcha Mungu, mtu wa kanisa na sala. Ni yeye aliyesimama mwaka 1883 kuutetea muswada wa kumruhusu kila mbunge kutoa ahadi bila kuapa. Hakumpenda Bradlaugh wala mawazo yake. Lakini aliona kwamba kumlazimisha mtu kutamka jina la Mungu asiyemwamini hakumpi Mungu heshima yoyote. Muswada ulishindwa kwa kura 3 tu: 289 zilisema ndiyo, 292 zikasema hapana.

Na ni akina nani waliosaidia kuuangusha? Miongoni mwao walikuwamo wabunge Wakatoliki kutoka Ireland. Kabla ya mwaka 1829 Mkatoliki hakuweza kuingia Bunge hilo, kwa sababu kiapo cha wakati huo kilimtaka aikane imani yake. Wayahudi nao walizuiwa: Lionel de Rothschild alichaguliwa na watu wa London mara ya kwanza mwaka 1847, akasubiri hadi 1858 ndipo akaketi, kwa kuwa kiapo kilitaka aseme maneno ya Mkristo. Ajabu ya binadamu ndiyo hiyo. Aliyefungiwa mlango jana, leo akiingia yeye ndiye anayeshika komeo.

Mwisho wa vuta nikuvute ulikuja bila kishindo. Katika uchaguzi wa mwaka 1885 Northampton walimchagua Bradlaugh mara ya tano. Bunge jipya lilipokutana Januari 1886, Spika, Arthur Peel, akakataa kumsikiliza yeyote aliyetaka kuingilia. Mbunge amechaguliwa, anataka kuapa, aape. Bradlaugh akaapa, akakaa. Dakika chache tu, baada ya miaka mitano na zaidi. Miaka miwili baadaye, 1888, yeye mwenyewe alipeleka Bungeni sheria ya kumruhusu mtu kutoa ahadi badala ya kiapo, nayo ikapita.

Najua mmoja wenu ana swali: je, alipoingia aliharibu nini? Makanisa yalifungwa? Hapana. Mwaka 1887 alisukuma sheria ya kuwazuia waajiri wasiwalipe vibarua kwa bidhaa za dukani mwao badala ya fedha taslimu. Aliwasemea Wahindi waliokuwa chini ya Uingereza, hata baadhi ya watu wakamwita Mbunge wa India. Kazi ya mbunge ndiyo hiyo, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji tujue anaswali au haswali. Alipokuwa mgonjwa mahututi, Januari 1891, Bunge lilipiga kura kufuta katika kumbukumbu zake uamuzi wa kumzuia asiape. Alikuwa hana fahamu, akafa tarehe 30 bila kuisikia habari hiyo. Miongoni mwa waliokwenda kumzika alikuwamo kijana Mhindi aliyekuwa akisomea sheria London, jina lake Mohandas Gandhi, ambaye yeye baadaye alijulikana kuwa mtu wa dini.

Je, basi imani ya kiongozi isitazamwe kabisa? Sivyo nisemavyo. Imani ya mtu huja naye ofisini, haiachwi mlangoni pamoja na viatu. Mwenye kuamini kwamba Mungu atamuuliza juu ya yatima anaweza kuwa waziri mwema kwa sababu hiyohiyo. Nanyi mna haki ya kumuuliza mgombea: utatutungia sheria gani? Wa dini nyingine utamhudumia sawa na wa dini yako? Akijibu kwamba wasio wa dhehebu lake hawatapata zahanati, mkataeni, na sababu iwe zahanati. Ninachokataa ni kumpima kwa kile kilichomo moyoni, maana hakuna mizani ya kukipima.

Huku kwetu mambo haya tunayo pia. Siku ya kuwaapisha wabunge Dodoma, mmoja huinua Msahafu, mwingine Biblia, na Katiba ya Tanzania inaeleza kwamba kiapo ni pamoja na tamko rasmi linaloruhusiwa kisheria badala yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inampa kiongozi nafasi ya kuapa au kutoa ahadi, na Ibara yake ya 8 inasema hakuna dini ya taifa. Zamani za kudai uhuru, Bibi Titi Mohamed, Mwislamu wa Dar es Salaam, alikuwa akiwahimiza wanawake wajiunge na TANU iliyoongozwa na Julius Nyerere, Mkatoliki wa Butiama. Na sheria yetu ya vyama vya siasa haikubali kusajili chama cha dini fulani.

Hata hivyo, kampeni zikianza mtawasikia. Mmoja atanong'ona kwamba safari hii ni zamu ya watu wetu, mwingine atatembelea nyumba ya ibada ambayo hakuikanyaga miaka mitano. Wakubwa wengi hutekwa hapo. Ninyi ulizeni kisima mlichoahidiwa kimefika wapi.

Na mwenye nakala ya Katiba nyumbani aifungue Ibara ya 39, inayotaja sifa za mtu kuchaguliwa kuwa Rais wa Tanzania. Inataka awe raia wa kuzaliwa. Inataka awe ametimiza miaka 40. Inataka awe amependekezwa na chama cha siasa, na awe na sifa za kuwa mbunge au mwakilishi. Tena inataka katika miaka mitano kabla ya uchaguzi awe hajatiwa hatiani mahakamani kwa kosa la kukwepa kulipa kodi ya serikali. Habari za kodi zimo. Habari za dini yake hazimo.