Usikimbilie kulipiga rangi gari la mzee

JUMAPILI moja baada ya ibada tulikutana kwa baba mdogo huko Kiamunyi, kando ya barabara itokayo Nakuru kuelekea Eldama Ravine. Haikuwa karamu. Kitindamimba wake alikuwa amepata nafasi ya kujiunga na chuo, karo ilihitajika, na sisi jamaa tulikuwa tumeitwa kushauriana.

Baada ya chai, mzee alituongoza hadi nyuma ya nyumba. Aliondoa mawe yaliyoshikilia turubai kuukuu, akalivuta. Hapo tukaliona gari ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau kabisa: Datsun 240Z, lile la milango miwili na pua ndefu.

"Hili ndilo shamba langu lililobaki," alisema.

Rangi yake ya buluu ilikuwa imefifia na kupasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Binamu yangu mkubwa alikuwa na mpango tayari. "Baba, nimekwisha ongea na fundi mjini. Kwa siku tatu atakuwa amelipiga rangi nyekundu na boneti nyeusi, mfano wa yale ya Safari Rally. Liking'aa hivyo, mnunuzi hataulizauliza."

Mzee hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Na wewe unayeandika magazetini wasemaje?"

Niliomba wiki moja. Niliyojifunza katika wiki hiyo nakuletea wewe msomaji, kwa maana si Kiamunyi peke yake kwenye gari la zamani chini ya turubai.

MNADA WA NAMNA NYINGINE

Sisi tukisikia neno mnada, mawazo hutupeleka kwa dalali na mali ya mwenye deni. Katika mnada wa aina hiyo gari huuzwa haraka ili mkopo ulipwe, na mwenye kuuza hana nafasi ya kuvuta bei.

Lakini kuna mnada mwingine ambapo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kugombania gari moja. Mei 2022 huko Stuttgart, Ujerumani, Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, mojawapo ya mbili tu zilizoundwa za umbo hilo, iliuzwa kwa euro milioni 135. Hakuna gari lililowahi kufikia bei hiyo katika mnada. Novemba 2023 mjini New York, Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 ilinunuliwa kwa dola milioni 51.7.

Usije ukadhani ni mng'aro uliolipiwa. Desemba 2014 ilitangazwa kwamba magari mengi ya zamani yalikuwa yamegunduliwa katika shamba moja magharibi mwa Ufaransa, yakiwa yametelekezwa kwa miaka mingi. Miongoni mwao kulikuwa na Ferrari aina ya California Spider, iliyokuwa imefunikwa kwa marundo ya majarida makuukuu. Jina la mwigizaji Alain Delon lilikuwa katika historia ya gari hilo. Wenye mnada hawakulipeleka kwa fundi wa rangi. Waliliuza jinsi lilivyopatikana, mjini Paris Februari 2015, likaleta zaidi ya euro milioni 16.

Kwa nini mtu alipe pesa hizo zote kwa gari lenye vumbi? Kwa sababu gari linaweza kupigwa rangi mpya mara kumi, lakini rangi ya kwanza ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi tena. Mnunuzi wa namna hii hununua ushahidi: kwamba nambari ya chasisi na ya injini ni zile lilizotoka nazo kiwandani, kwamba waliolimiliki wanajulikana, na kwamba rangi yake ama ni ile ya awali, ama mabadiliko yake yote yanaweza kuelezwa.

DATSUN NA MIBONYEO YAKE

Tuje sasa kwa Datsun, gari ambalo historia yake imeandikwa katika barabara zetu wenyewe.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953. Katika mashindano ya mwaka 1971, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanzania, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiendesha 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Mwaka 1973 gari la aina hiyo lilishinda tena, mara hii likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mehta alilingana alama na Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun, na akatangazwa mshindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Wenye umri wa kutosha watakumbuka jinsi watu walivyojipanga kando ya barabara msimu wa Pasaka, wakirudi nyumbani nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi.

Gari la ushindi la mwaka 1971 lingali lipo. Linahifadhiwa na kampuni ya Nissan huko Zama, Japani. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo walilitengeneza liweze kutembea tena. Kiwanda chenyewe, chenye mafundi na rangi ya kila aina, kingeweza kulinyoosha likawa kama jipya kwa muda mfupi tu. Lakini mibonyeo lililoipata katika mbio ingali inaonekana, kwa sababu bila mibonyeo hiyo lingekuwa Datsun nyekundu kama nyingine yoyote.

Na soko linasemaje? Januari 2020 huko Marekani, 240Z ya mwaka 1971 iliyokuwa imetembea maili chache iliuzwa kwa dola 310,000. Mwezi huo huo nchini Japani, ndugu yake adimu aitwaye Fairlady Z432-R alipita yen milioni 80. Hata hivyo nisikudanganye, msomaji. Hizo ni bei za magari ya pekee, na 240Z nyingi huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya pesa hizo. Gari lililolala nje kwa mwongo mzima haliwezi kupewa bei ya lililotunzwa ndani. Ila lenye historia inayothibitika hulishinda lile lenye rangi nzuri isiyojulikana ilikotoka.

RANGI INAFICHA, RANGI INASEMA

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka iliyopita nilitaka kuuza Peugeot 504 yangu, nikaipeleka kwa fundi fulani aitie rangi upya. Ilirudi iking'aa hata nikaona aibu kuiuza. Mnunuzi alipofika hakutazama mng'aro. Alitoa sumaku ndogo mfukoni, akaipitisha chini ya milango. Penye chuma iling'ang'ania. Penye puti ilianguka. "Mzee, hapa umeniuzia unga," akasema, akaenda zake. Fundi alikuwa ameziba kutu kwa puti na kuifunika kwa rangi. Miezi michache baadaye kutu ile ilichomoza tena kama ukurutu.

Wenye ujuzi huisoma rangi ya gari kama msomi wa misitu anavyosoma pete za mti. Huanza pale ambapo bomba la rangi la fundi halikufika: chini ya zulia la buti penye gurudumu la akiba, nyuma ya dashibodi, chini ya mipira ya milango, na ndani ya kifuniko cha tangi la petroli. Wengine huchagua mahali pasipoonekana, wakasugua kwa msasa laini uliolowa maji sehemu isiyozidi ukubwa wa sarafu. Tabaka huanza kuonekana moja baada ya jingine: rangi ya juu, praima yake, rangi ya chini yake, na hatimaye chuma.

Kisha kuna nambari. Katika 240Z, nambari ya rangi ya kiwandani iliandikwa kwenye kibandiko ndani ya boneti, mbele karibu na rejeta. Nambari ya chasisi ya yale yenye usukani wa kulia kama yetu huanza na HS30. Mambo hayo mawili, pamoja na nambari ya injini na logibuku, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha gari.

Isitoshe, hata rangi zenyewe hazifanani. Rangi nyingi za leo huchanganywa na dawa ya kuzikausha, na zikikauka huwa na mng'aro mzito kama kioo. Rangi za enzi hizo zilikuwa na mng'aro mpole zaidi, na jicho lililozoea hutambua tofauti. Jua nalo lina lake. Nakuru iko karibu na ikweta, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na miale ya huku ni mikali. Rangi nyekundu hasa huchujuka haraka. Nalo vumbi letu la majivu ya volkeno, ukilipangusa kwa kitambaa kikavu, hukwaruza kama msasa. Turubai la plastiki lililobana gari hufungia unyevu na kulea kutu. Kibanda chenye paa na hewa ya kutosha ni bora mara mia.

Kuna jambo la sheria pia. Nchini Kenya rangi ya gari imeandikwa katika kumbukumbu za usajili, na ukiibadilisha unapaswa kuiarifu mamlaka ya usafiri, NTSA. Gari jekundu lenye karatasi za buluu huzua maswali barabarani, na mnunuzi makini huondoka.

TULILOLIKUTA KIAMUNYI

Jumapili iliyofuata nilirudi nikiwa na tochi na kipande cha msasa. Msasa sikuutumia. Tulipoinua zulia la buti na kulitoa gurudumu la akiba, tulikuta pale chini rangi ya dhahabu, safi, kama ilipakwa juzi. Kwenye boneti kibandiko kilikuwa kimechanika nusu, lakini nambari ilisomeka: 920.

Binamu yangu alicheka nilipomweleza kwamba wapenzi wa gari hili duniani huiita rangi hiyo Safari Gold, yaani dhahabu ya Safari. Alikuwa tayari kulipia wekundu ili gari lifanane na la Safari, kumbe jina la Safari lilikuwa limelala chini ya gurudumu miaka yote.

"Ndiyo," baba mdogo akasema kwa sauti ya kawaida. "Nililinunua likiwa la dhahabu. Buluu ilikuja nilipogongwa karibu na Gilgil. Fundi hakuwa na ile ya kwanza."

Tulimtazama kwa mshangao. "Mbona hukutuambia, mzee?"

"Nani aliniuliza?"

Mama mdogo aliingia ndani, akarudi na albamu. Katika picha moja wote wawili walikuwa wameliegemea gari hilo, vijana wembamba. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, haikuweza kutuonyesha dhahabu yoyote, lakini nambari ya usajili ilionekana wazi. Nyuma ya picha ulikuwa mwandiko wa mzee na tarehe. Ndani ya bahasha iliyofuata mlikuwa na risiti za gereji, ikiwamo ile ya kupiga buluu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba thamani iliyokuwa karibu kupotea haikuwa ya chuma peke yake. Fundi angekwangua ile dhahabu kwa siku tatu, na siku mzee atakapotuaga angeondoka na maelezo yake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Gari nalo likiachishwa asili yake, huwa mtumwa wa bei ya dalali.

Basi tuliafikiana hivi. Karo ya muhula wa kwanza tuliichanga sisi jamaa, kila mtu kwa uwezo wake, ili gari lisiuzwe kwa haraka ya njaa. Turubai liliondolewa, na binamu yangu, yule yule wa rangi nyekundu, akajenga kibanda cha mabati. Kutu ya chini ya milango itashughulikiwa kwanza, na kila hatua itapigwa picha. Rangi ya buluu haitaguswa mpaka atakayelinunua, au sisi wenyewe, tuamue kulirudishia dhahabu yake. Nakala za logibuku, risiti na picha zimewekwa katika faili moja.

Nawe msomaji, ikiwa kwenu kuna gari la aina hiyo, usianze na fundi. Anza na mzee. Mketishe, mpe chai, mwulize lilinunuliwa wapi, lilikuwa la rangi gani, liligongwa lini, na nani alilitengeneza. Andika majibu yake kwenye daftari na utie tarehe. Kazi hiyo haina gharama yoyote, na hakuna mnada utakaokuuzia majibu hayo akishaondoka.

Nilipokuwa nikiaga, nilimwona kitindamimba, yule wa karo, ameketi kwenye kiti cha dereva na daftari gotini. Baba yake alikuwa ameinama dirishani akimhadithia habari za Gilgil.