Je, Wajua? Pafu Hutibiwa Kabla ya Kuhama Kifua

Je, wajua kwamba marehemu anaweza kutoa figo na ini vizuri kabisa, lakini mapafu yake yakakataliwa? Ubongo unapokufa, adrenalini hufurika mwilini, shinikizo la damu hupanda ghafla, na maji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Pafu ni kiungo chepesi kudhurika.

Wajua kwamba tiba huanza likiwa bado kifuani? Mtoaji huchomwa methiliprednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ili kutuliza uvimbe. Karibu na kutolewa, huongezwa heparini damu isigande.

Kisha huja maji ya baridi ya kuondolea damu mapafuni, na hapo ndipo penye kazi. Mishipa ya mapafu ikipigwa na baridi hujikunyata, kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi alfajiri, na maji hayafiki kila pembe. Dawa yake ni prostaglandini, ambayo hulegeza mishipa kabla baridi haijaingia. Maji yakipita sawasawa, pafu hugeuka kutoka wekundu hadi weupe mbele ya macho ya daktari.

Hata maji yenyewe yana historia. Zamani yalitumika yale yaliyobuniwa kwa ajili ya figo, yenye potasiamu nyingi. Potasiamu nayo hubana mishipa! Siku hizi hutumika yenye potasiamu kidogo, pamoja na dekstrani na glukosi.

Wajua kwamba pafu husafirishwa likiwa na hewa ndani, bomba lake la hewa likiwa limebanwa kwa pini? Seli zake huendelea kutumia oksijeni ile njiani. Moyo haujajaliwa bahati hiyo.

Mwaka 1963, James Hardy wa Mississippi, Marekani, alipandikiza pafu la kwanza kwa binadamu; mgonjwa aliishi siku 18. Mafanikio ya kudumu yalisubiri hadi 1983, Toronto, Kanada. Mji huohuo ndio uliokuja kuvumisha mashine inayolipumulisha pafu nje ya mwili kwa nyuzijoto 37. Humo linaweza kupewa dawa na kupimwa upya, na mengine yaliyokuwa yatupwe hupona.

Likishashonwa kwa mwenyeji mpya, madaktari hulichunga kwa saa 72. Ndani ya muda huo ndipo madhara ya safari hujitokeza.