Soseji na maharage kwa chungu cha umeme: Faida ipo, hatari nayo ipo

MAMA lishe anayefungua kibanda saa 11 alfajiri ana mikono miwili tu. Chai na chapati vinamsubiri, na papo hapo sufuria ya maharage inataka mtu wa kuongeza maji na kuchochea mkaa. Hapo ndipo chungu cha umeme kinachopika taratibu kinapoweza kumfaa.

Tangu mwanzo chombo hiki kilikusudiwa maharage. Irving Naxon wa Chicago, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1940, baada ya kusimuliwa na mama yake jinsi watu wa kwao Lithuania walivyoacha chungu cha maharage usiku kucha kwenye tanuri la mikate. Tangu 1971 kimeuzwa kwa jina la Crock-Pot.

Chukua mfano wa chungu cha lita 6. Kwa kuwa hakijazwi zaidi ya theluthi mbili, kinatoa lita 4, yaani sahani 12 hivi. Kikitumia wati 250 kwa saa 6, umeme ni uniti 1.5. Kwa anayelipa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 525, au 44 kwa sahani. Nusu kilo ya soseji ikikatwa vipande, kila mteja anapata gramu 40 hivi, za kutosha kutia ladha. Mwenye wateja 50 kwa siku asijisumbue. Chungu kimoja hakimtoshi.

Lakini hesabu hiyo yote huharibika mteja mmoja akiugua. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na moto mdogo wa chungu hiki huenda usiiue. Joto la nyuzi 80 linaweza hata kuiongezea makali. Kwa hiyo maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya jikoni, yatokote kwa nguvu. Dakika 10 ni kima cha chini. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani hushauri 30. Mkaa au gesi ya kazi hiyo nayo iingie kwenye gharama. Wengi huisahau.

Soseji zisitiwe zikiwa na barafu, maana huchelewesha joto na kuwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana. Ziyeyushwe ndani ya friji, zikaangwe kidogo hadi zipate rangi (chungu hiki hakikaushi, na soseji nyeupe haina mnunuzi), ndipo zitiwe pamoja na maharage na maji ya moto. Nyanya zisubiri hadi maharage yalainike, kwani uchachu wake huyachelewesha kuiva. Chumvi nayo isubiri, soseji zina yake. Kifuniko kisifunguliwe kila mara.

Kuna wanaowasha chungu saa 4 usiku na kwenda kulala. Umeme ukikatika saa 7 na kurudi saa 10, asubuhi watakuta chakula cha moto na hawatajua kilichotokea. Ni heri kuwasha alfajiri, mtu akiwa macho. Umeme ukikatika, chakula kihamishiwe kwenye sufuria juu ya mkaa mara moja. Chakula kilichokaa chini ya nyuzi 60 kwa zaidi ya saa 2 kimwagwe, soseji zake zikiwemo.