Mbona Usukani Unavuma?

Wewe mkulima wa Hindi au Mpeketoni, ukitaka kuuza maembe yako katika Kisiwa cha Lamu huna budi kuyavusha maji kwa chombo. Pengine, tanga likijaa upepo, umesikia usukani ukivuma kama nyuki mzingani. Sababu yake ni hii.

Bila shaka umepata kusikia waya wa ua ukilia katika upepo. Upepo upitapo, nyuma ya waya hutokea mizunguko midogo ya hewa, mmoja kushoto, mmoja kulia, nayo huutikisa waya. Maji hufanya vivyo hivyo nyuma ya usukani, hasa ikiwa ukingo wake wa nyuma ni mnene na wa mviringo. Chombo kikizidi mwendo, sauti hupanda.

Je, yafaa kuutengeneza? Mvumo mdogo uliozoeleka hauna madhara. Lakini ukianza ghafula, au kana, yaani mkono wa usukani, ikitetemeka sana, mwambie nahodha. Mkifika pwani tazameni mambo matatu:

Kwanza, mwani au kamba iliyonasa. Iondoeni.

Pili, vyuma vishikavyo usukani tezini. Vikilegea, vikazwe au vibadilishwe.

Tatu, ufa katika ubao.

Ikiwa vyote ni vizima, fundi auchonge ukingo wa nyuma mshazari, upande mmoja tu, pembe yake ibaki kali. Mvumo utapungua au utakoma.

Mvumo waweza kungoja. Vyuma vilivyolegea visingoje. Usukani ukichomoka mkondoni, mazao na watu wote wamo hatarini.